Sikio la Kushoto

Jumatatu, 6 Oktoba

Mazoezi, wiki ya pili. Onyesho la chumba cha dawa bado linajikokota. Nimefuta mistari. Zawadi akarudisha mmoja bila kuniuliza. Ulistahili kurudi. Mama huyu wa Bukavu anatunza wazee Annandale, hapa Virginia, hajawahi kusimama mbele ya kamera maishani mwake, lakini anajua kungoja. Anasema neno, anatulia, analiacha likae. Nimefanya kazi na waigizaji wakubwa London ambao hawakulijua hilo hadi wanastaafu.

Treni kutoka studio kule Shaw imejaa. Nimesimama karibu njia yote hadi Herndon. Dada yangu Nasimiyu ameniachia ugali na sukuma kwenye maikrowevu, amekwenda zamu ya usiku. Hajauliza kazi inaendaje. Haulizi kamwe. Kwake yeye, mdogo wake alipelekwa Uingereza akasome, akaishia kuchekesha wazungu kwenye televisheni.

Na kweli, miaka yote hiyo nimeongoza vichekesho vya Waingereza wenyewe. Makarani wa posta. Majirani wanaogombania ua wa bustani. Hiki ndicho cha kwanza chetu: wauguzi wa Kiafrika, nyumba ya wazee, Virginia. Kitarekodiwa mara moja tu, mbele ya watazamaji, Ijumaa ya tarehe 24. Wenye televisheni wataamua baada ya hapo. Wakikataa sidhani kama nitapewa kingine. Nina miaka hamsini na miwili.

Jumatano, 8 Oktoba

Sisikii.

Nilipoamka nilidhani ni mapema sana, ndiyo maana kimya. Kumbe jua limeshapanda. Nikaangusha kikombe kwenye sinki. Kikavunjika bila sauti. Nikaita jina langu, Nafula, nikahisi koo likitetemeka. Basi. Hakuna kingine.

Sikio la kulia lilikufa nikiwa mtoto kwetu Webuye, kwa surua. Kazini hakuna anayejua. Kazi yangu yote nimeifanya kwa la kushoto.

Nasimiyu aliingia kutoka zamu, bado na sare ya unesi. Mdomo wake unafunguka, unafumba. Nikamwonyesha sikio. Akanishika kidevu, akanitazama macho kwa muda, kisha akaandika kwenye simu: "Vaa viatu. Twende hospitali saa hii."

Siwezi kuandika zaidi.

Alhamisi, 9 Oktoba

Daktari ni kijana mpole. Anaandika kwenye skrini, ananigeuzia. Hutokea, anasema. Mtu analala mzima, anaamka hivi. Mara nyingi sababu haijulikani. Nimepewa vidonge vya steroidi, na sindano inayopita kwenye ngoma ya sikio. Nilimshika Nasimiyu mkono wakati wa sindano, nikamwumiza.

Huenda usikivu ukarudi wote. Huenda kidogo. Huenda usirudi. Nilimwomba anipe uhakika hata kidogo. Akatikisa kichwa.

Garini nilimwambia Nasimiyu asimwambie mtu yeyote. Akasimamisha gari kando ya barabara, akaandika kwa hasira: "Utaongozaje vichekesho kama husikii watu wakicheka?"

Swali la kwanza kuniuliza kuhusu kazi yangu tangu nianze.

Nimemtumia Carolyn, prodyuza wetu, ujumbe. Nimesema ni homa.

Jumatatu, 13 Oktoba

Nimerudi kazini. Nimedanganya kutwa nzima.

Inawezekana, kwa kiasi. Skripti naijua kwa moyo. Midomo naisoma kwenye skrini. Mtu akiniuliza jambo nisilolielewa, nakunja uso kama ninayefikiri, na hapo wengi hujijibu wenyewe. Ni aibu jinsi mkubwa anavyoweza kuishi bila kusikiliza mtu.

Lakini kicheko sikipati. Studio ya kwanza niliyofanyia kazi, Leeds, nilianza kwa kupeleka chai. Mzee aliyekuwa akiongoza pale aliniona nikisimama nyuma ya viti vyake kila jioni. Siku moja akaniambia nifumbe macho nisikilize watu. Kicheko kina tumbo, akasema. Ukikata picha kabla hakijafika tumboni, umekiua. Ukichelewa, kimeoza. Nimeishi kwa hilo. Kutoka chai hadi kushika skripti, hadi kusimamia sakafu, hadi kiti chenyewe. Watu husema Nafula ana sikio. Ndilo neno wanalolitumia, sikio.

Sasa kichwani kuna mluzi mmoja tu, haukatiki. Na nikigeuka haraka sakafu inayumba.

Jumanne, 14 Oktoba

Mungu wangu.

Nilikuwa nimesimama katikati ya jukwaa, nimewapa watu mgongo, natazama kitanda cha mgonjwa kama kiko mahali pake. Ghafla Zawadi akanijia mbio, macho yamemtoka, akanisukuma kwa mwili mzima. Nikaanguka. Nikakasirika. Kisha nikaona mlingoti wa taa umelala pale niliposimama, na mkono wa Zawadi uko chini yake.

Watu wote walikuwa wamepiga kelele. Nilijua kwa vinywa vyao, vilikuwa bado wazi. Walikuwa wameniita, wameniita, na mimi nimesimama kama mti.

Amevunjika mfupa wa kigasha, mkono wa kulia. Mkono anaoinulia wazee.

Hospitalini nilimwambia Carolyn kila kitu. Hakufoka. Alikaa tu, amejishika paji la uso. Afadhali angefoka.

Jumatano, 15 Oktoba

Nimeondolewa. Mwongozaji mwingine anakuja kutoka California. Carolyn aliniandikia maneno machache, mazuri, yote ya kweli: mtu ameumia, mwingine angeweza kufa. Sikubisha.

Ninachukia kila mtu. Ninachukia huyo wa California ambaye hata sura yake siijui. Nililala mchana kutwa.

Ijumaa, 17 Oktoba

Zawadi amekuja hadi hapa Herndon, mkono kwenye plasta, kaletwa na shemeji yake. Amebeba sambusa kwa mkono ule mzima. Nilitaka kujificha bafuni.

Aliketi mbele yangu akaongea polepole. Nilishika nusu tu, Kiswahili chake midomoni si kama chetu. Nasimiyu akawa anasikiliza huku akiandika kwenye simu, neno kwa neno, hata hakukinyoosha, pamoja na lile "Patrone", bosi, analoniita:

"Patrone, miye siko mukali juu yako. Mukono itapona. Lakini ule mutu mupya mi simujue. Mi naogopaka kamera. Nikikuangalia weye, siogope. Nimemwambia Carolyn: bila Patrone, mi narudia kwa bazee bangu Annandale."

Nikamwambia hapana. Hii ni nafasi yako, usiitupe kwa ajili yangu. Akanijibu kwa kuniwekea sambusa kwenye sahani.

Alipoondoka nilibaki nimekaa. Nasimiyu akaosha vyombo, akafuta mikono, akaja, akanikamata kifundo cha mkono kama anayepima mapigo. Akafinya. Akaachia. Akafinya tena, kwa nguvu zaidi. Nikamtazama sielewi.

Akaandika: "Mimi ninasikia. Nitakaa kando yako. Wakicheka nitakufinya."

Nimepigwa na butwaa. Huyu ndiye aliyebaki Webuye na nyanya wakati mama aliponichukua mimi kwenda Leeds, kwa sababu ya sikio langu bovu. Nauli ilikuwa ya mtoto mmoja. Hajawahi kutazama hata kipindi changu kimoja mpaka mwisho.

Jumatano, 22 Oktoba

Carolyn amekubali, kwa masharti. Sikanyagi jukwaani. Nakaa chumba cha skrini tu. Mwongozaji wa California, Todd, anakaa nyuma yangu, na nikikosea atachukua kiti papo hapo. Ana adabu. Hilo nalo linaudhi.

Mazoezi ya leo yalikuwa mabaya. Wafanyakazi waliketi viti vya watazamaji, wakacheka, na Nasimiyu akanifinya kila mara baada ya kicheko kuisha. Nesi anataka kuwa na hakika kabla ya kusema. Nikamfokea. Sijui kwa sauti gani, ila kila mtu chumbani aligeuka. Akaachia mkono wangu, akatoka.

Nilimkuta kwenye korido. Machozi yamemjaa, hasira pia. Akasema polepole ili nimsome: "Mimi si mashine yako."

Nikamwomba msamaha. Tukarudi. Nikamwambia asifikirie, afinye jinsi kicheko kinavyopanda na alegeze jinsi kinavyoshuka, kama pampu ya kupimia presha. Hapo akaelewa. Mara ya pili tulikaribia. Todd akaandika kitu, sikukiona.

Ijumaa, 24 Oktoba

Tumerekodi.

Mwanzo ulikwenda. Mkono wa Nasimiyu ulipanda, ulishuka, nami nikaita kamera. Mbili. Tatu. Rudi mbili. Nilianza kuhisi watazamaji kupitia mfupa wa mkono, na kwa muda nilisahau kwamba sisikii. Kweli nilisahau.

Kisha likaja onyesho la shati. Tulilibadilisha kwa sababu ya plasta. Zawadi anamvalisha mzee aliyepooza upande mmoja. Yeye ana mkono mmoja, mzee ana mkono mmoja. Wanafunga kifungo kimoja pamoja, kila mtu kwa mkono wake, hawatazamani, wamenuna. Wanafika juu, wanagundua wamekosea tangu kifungo cha kwanza. Zawadi akatulia. Akangoja. Akangoja zaidi ya tulivyokubaliana.

Na Nasimiyu akaniachia mkono.

Nilidhani watu wamenyamaza. Nilidhani tumeanguka. Nikageuka kumtazama. Alikuwa amejikunja juu ya meza, mabega yanatingishika, machozi yanamtoka, mkono umeshika tumbo. Dada yangu anacheka. Nimemjua maisha yangu yote, sijawahi kumwona hivyo.

Nikatazama skrini ya watazamaji. Safu nzima zinayumba. Mwanamke mmoja anampiga mumewe begani. Niliwatazama mabega, nikasubiri yafike mwisho, nikasema tatu. Todd aliweka mkono kwenye kiti changu kwa nyuma, nikadhani ananitoa. Alikuwa ananipigapiga tu mgongo.

Watu walisimama mwishoni. Niliona viganja vingi mno. Kimya kabisa. Sijui nilie au nifanye nini.

Jumamosi, 25 Oktoba

Nimemwuliza Nasimiyu kwa nini aliniachia.

Akaandika, akafuta, akaandika tena. "Yule mzee wa shati ni Mister Harold, mgonjwa wangu. Nilikuhadithia kwa simu siku moja nikiwa nimechoka. Sikujua ulikuwa unasikiliza."

Halafu: "Miaka yote nilisema mama alimchukua asiye na faida."

Nimesoma hayo na yamenichoma. Tulikunywa chai. Naye hakuondoka mezani.

Alhamisi, 6 Novemba

Carolyn alikuja mwenyewe. Nilimwona akishuka kwenye gari na maua, nikajua kuna jambo.

Wamekinunua. Msimu mzima. Zawadi ndiye nyota. Ataongoza Todd.

Nilimwuliza mara ya pili, labda nimesoma midomo vibaya. Hapana. Wenye televisheni hawawezi kumkatia bima mwongozaji asiyesikia, baada ya ajali ile. Jina langu litabaki, watanilipa kama mshauri. Maua yalikuwa bado mkononi mwake.

Nilijua huenda watu wakakikataa kipindi. Hilo nilijiandaa nalo. Sikuwahi kufikiria wangekipenda na kuniacha mimi.

Zawadi ametuma video analia, Nasimiyu ameniandikia anachosema: atakataa. Nimemwandikia: ukikataa sitakusamehe. Asaini. Awapeleke watoto wake shule. Ninamaanisha kila neno, na bado nimekwenda kuketi kwenye gereji kati ya mashine ya kufulia na baiskeli, nikapiga ngumi ukuta.

Ijumaa, 14 Novemba

Sindano ya mwisho. Kipimo. Mstari kwenye karatasi umelala chini kabisa, hata mimi nauelewa. Usikivu hautarudi. Kuna vifaa vya kupandikiza kichwani, anasema daktari, siku za usoni, tuongee. Sauti haitakuwa ile ya zamani.

Nimeshukuru. Nimevaa koti. Kwenye lifti Nasimiyu akanishika kiunoni, kama ashikavyo wagonjwa wake.

Jumamosi, 6 Desemba

Baridi, ila jua lipo. Nasimiyu alinipeleka Annandale, darasa la lugha ya ishara kwenye chuo cha pale. Alijiandikisha na yeye pia. Vidole vyake ni vizito, anakosea, anajicheka.

Mwalimu ni mwanamume wa makamo, kiziwi tangu kuzaliwa. Mwishoni alitusimulia kisa cha mama yake na bata mzinga. Nusu ya ishara sikuzijua. Lakini nilimwona mikono inasimama hewani kabla ya mwisho, macho yanatuzunguka mmoja mmoja, na nikajua kinachokuja kabla hajakileta.

Nilicheka wa kwanza. Wengine wakafuata. Chumba kizima, kwangu hakuna sauti, na hakuna aliyeihitaji.

Mwalimu alininyooshea kidole, akaniuliza kwa ishara ninafanya kazi gani. Nilijaribu kueleza. Sikujua ishara ya mwongozaji. Akasema atanifundisha Jumamosi ijayo.

Tulinunua mkate njiani. Nasimiyu analala. Nje theluji imeanza, kidogo tu.