Viti Viwili Visivyouzwa

Dada yangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo. Je, goti limepungua kuuma? Na shemeji, kifua kimeachia? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, ila vidole vimekuwa vya kahawia kwa vanishi, hata nivisugue vipi havitakati.

Barua yako nimeipata. Unasema umesikia kuwa tajiri wangu, huyu seremala tunayemwita Bwana Randa, anasali huku akirundika mali, na kwamba mambo hayo mawili hayakai pamoja. Unaniomba niache kazi kabla sijaharibika. Dada, wewe ndiye uliyenilea, siwezi kukupuuza. Lakini ngoja nikueleze ninayoyaona.

Asubuhi, kabla mashine hazijawashwa, kila mmoja wetu husimama kwenye meza yake na kuweka viganja juu ya mbao, kimya. Bwana Randa akisema amina, vumbi linaanza. Kwake kazi ni ibada ile ile, imehama chumba tu. Kabati lenye droo inayokwama halitoki, hata kama mwenyewe ameshaleta gari mlangoni. Anasema Mungu hapokei kazi ya kulipua, sembuse mteja. Bei ni moja, kwa mwenye suti na kwa mwenye kandambili. Mwanzoni watu walimcheka eti hajui biashara. Sasa wanazipita karakana za jirani kuja kwetu, maana wamechoka kudanganywa.

Na faida yenyewe haili. Koti ni lile lile, hanywi, hajionyeshi. Faida inageuka msumeno wa umeme, msumeno unaleta kazi, kazi inaajiri watu wengine. Siku moja baada ya ibada mhubiri alimtania mbele za watu kwamba ajiandae, mbinguni hakuna karakana. Akajibu kwamba basi atamwomba Mungu ampe walau mlango mmoja unaokwama. Tulicheka hadi machozi, mhubiri naye hoi.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Juzijuzi alipata homa, nikampelekea funguo za karakana nyumbani. Nikamkuta amekalia kreti la soda! Mtu aliyejaza viti mji mzima hana hata kimoja. Nilipomuuliza, alisema kila kiti akikitazama anaona pesa ya mbao za kesho. Nilimheshimu, dada, na nikamhurumia pia. Niliona mtu anayejua kumtumikia Mungu kwa mikono yote miwili, ila hajui kupokea kitu kutoka kwake.

Alipopona, akaniambia, huku anapima ubao wala hanitazami, kwamba angependa niwe mke wake. Nikamjibu kuwa mimi sikalii kreti. Nataka viti viwili visivyouzwa. Akaniletea viwili vyenye mafundo, ambavyo wateja walishavikataa. Nikavirudisha. Alinuna siku nzima, anapiga randa utadhani anagombana na mti. Kesho yake akaja na viwili vizuri kuliko vyote dukani, akasema amesali juu ya jambo hilo na hajawahi kupewa jibu gumu kama hilo. Akaniomba nivipake vanishi mwenyewe.

Nilivipaka, dada. Nimemkubali. Ndiyo maana nilichelewa kukujibu. Nilikuwa natafuta maneno.

Lakini nimemwambia wazi kuwa bila neno lako hakuna ndoa. Ameahidi kufunga karakana siku ya kazi ili aje kujitambulisha kwako, na tangu aifungue hajawahi kufanya hivyo. Ukimkataa nitatii, ila nitaumia sana, nisikudanganye. Naomba umwone kwanza ndipo uamue. Akija, mpe nafasi ya kukaa, na usimwache atengeneze chochote.

Nisalimie shemeji na watoto wote. Mungu akuponye goti.

Tafadhali nijibu mapema.

Ni mimi mdogo wako akupendaye.