Sentensi Ninayoiruka Nikimsomea Mume Wangu

Mama Silvana, habari za kazi, mimi nakusikiliza redioni kila Jumamosi nikichambua maharage na leo nimechoka mpaka nimeamua kuandika. Mume wangu Wilibrodi ni mwalimu mstaafu wa historia, na tangu astaafu kazi yake ni moja, kufuatilia majeshi ya Warumi, kikosi chao kiitwacho Legioni ya Kumi kiliundwa lini, kikapigana wapi, kikahamia wapi, na macho yamemharibikia, kwa hiyo ni mimi ninayemsomea kwenye simu, Kiingereza kigumu kile, yeye anasema "rudia hapo, mama Tito", narudia, huku ulezi shambani unaliwa na ndege. Miaka sita, Mama Silvana! Ameshaandika kijitabu kwamba waliomsulubisha Bwana Yesu ni Legioni ya Kumi, Ijumaa Kuu kitasomwa parokiani, na vijana wa igizo la mateso wanachora namba hiyo kwenye ngao zao. Sasa mwezi wa pili nikakuta sentensi inasema mwaka aliosulubishwa Bwana legioni hiyo ilikuwa bado Siria, askari wa Pilato walikuwa watu wa maeneo ya jirani tu walioandikishwa. Nikairuka. Akauliza mbona umenyamaza, nikasema mtandao unasumbua. Tangu hapo kila ikitokea naruka, naye ananiita macho yake, roho inaniuma. Nikimwambia atavunjika moyo, halafu tutaanza upya. Nifanyeje?

Avelina, Mwazye

Pole, Avelina. Miaka sita ya Warumi, jamani, hata mimi ningechoka. Lakini tusidanganyane. Umesema "atavunjika moyo", halafu "tutaanza upya". Hilo la pili ndilo lililokuziba mdomo. Kuchoka si dhambi, ungesema "nimechoka", basi. Badala yake unamwacha mwalimu mzima asimame mbele ya parokia aseme lisilo kweli bila kujua, na siku mtu yeyote mwenye simu akinyoosha mkono kumsahihisha, Wilibrodi atajua ni nani aliyekuwa akimsomea.

Msomee leo, kabla ngao hazijakwisha kuchorwa. Sentensi yote, mara mbili. Mwambie na tangu lini umekuwa ukiiruka. Atakasirika, mwache, ana haki. Akitulia mwambie na lile la uchovu: saa moja kwa siku, inatosha, na apatikane mwalimu mwenzake mpokezane. Kijitabu kirekebishwe, tena kwa jina lake mwenyewe.

Na kesho akimwita mtu mwingine ahakikishe ulichomsomea, usinune. Kaa hapo hapo, usikilize mpaka mwisho.