Moshi Niliouleta Jikoni Kwako

Kwako Mama mkwe, Mama Neema wa Kitandililo,

Kamwene, Mama. Najua ungeniitikia kabla sijamaliza neno, kisha ungeniuliza habari za Neema, za wajukuu, za gari langu kama bado linagoma kwenye kilima cha kwenu, na ungeendelea hivyo hivyo mpaka nisahau kilichonileta. Leo sitaki kusahau. Kwa kuwa sasa umelala kule juu karibu na shamba la miti ya miwati, na mimi nilikuwa na miaka minne ya kukuambia haya ana kwa ana nikaipoteza, nakuandikia hadharani. Nataka majirani zako nao wasome, maana wao walidanganywa, na aliyewadanganya ni mimi.

Unakumbuka siku ya kwanza nilipoletwa kwako rasmi kama mkwe? Nilipewa kiti sebuleni, wewe ukakaa kwenye mkeka barazani, mlango ukiwa katikati yetu. Ulizungumza nami huku ukitazama mahindi. Mimi mtoto wa Ilembula, nimelelewa kwenye desturi hizo hizo, kwa hiyo hakuna aliyehitaji kunifundisha: mkwe hamkazii macho mama mkwe wake, hakai naye mkeka mmoja, na jikoni kwake haingii. Chakula nililetewa. Viazi na njegere, na chai ya maziwa ya moto sana kwa sababu ya kibaridi. Miaka yote niliyokuja kwako jiko lako nililijua kwa nje tu, kwa lile dohani la tofali za udongo lililochomoza juu ya paa, na kwa ladha.

Lakini sifa zako nilizijua vizuri. Neema aliniambia ulijifunza kujenga majiko banifu kwenye semina ya kina mama wa usharika, yeye akiwa bado shule ya msingi, na kwamba fundi aliyewafundisha ulimpita mwaka ule ule. Udongo ulikuwa lazima utoke kwenye kichuguu. Uliukanda kwa miguu pamoja na majani makavu yaliyokatwakatwa, ukaufunika kwa magunia siku kadhaa mpaka ukomae, na ulipojenga ulizamisha sufuria za mwenye nyumba ndani ya udongo ili matundu yakae sawa na vyombo vyake. Ulizunguka Kitandililo nzima na gambuti zako na panga lako, ukarudi na ndoo ya viazi au kuku. Na kila ulipomaliza ulimwambia mama mwenye nyumba neno moja: "Likikutoa machozi, niite nije nilivunje." Neema anasema hakuna aliyekuita.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe, maana nimeanza kuzunguka.

Ulijua nilikuwa afisa uhamasishaji kwenye kampuni ya majiko pale Makambako. Ulijua pia kwamba mkutano wa kikanda wa nishati safi ulikuwa unakaribia, watu wa Iringa, Mbeya na Songea wote kwenye ukumbi mmoja, na kwamba nimepewa kuzungumza. Usichokijua ni kwamba bosi wangu alitaka picha. Picha ya mama wa kijijini anayeteseka na moshi, kubwa, yenye uhalisia. Nikachukua kamera nikaja Kitandililo asubuhi nikiwa na uhakika wa kuipata nyumba ya kwanza. Niliingia nyumba ya kwanza, nikakuta jiko lako. Ya pili, jiko lako. Ya tano, jiko lako, na mwenye nyumba ananionyesha kwa fahari jinsi kuni mbili zinavyoivisha maharage. Mtu mwenye akili angekaa pale akaandika kwamba kazi ambayo kampuni yake inajisifu itaifanya, mama mmoja ameshaifanya kwa udongo wa kichuguu. Mimi nilikasirika. Niliona mnanichelewesha.

Saa tisa nikaja kwako, bila Neema, bila mtu yeyote.

"Mama, nina shida ya kazi," nikasema nikiwa nje. "Naomba nipige picha jikoni."

"Jikoni kwangu, mkwe?" Ulicheka kidogo, kile kicheko cha mtu anayekupa nafasi ya kubadilisha maneno yako. "Wewe uingie?"

"Ni kazi tu, Mama."

Ulijifunga kitenge cha pili, ukasogea mbali na mlango ili nipite bila kukaribiana. Nikainama nikaingia. Mama, jiko lako lilikuwa safi kuliko ofisi yangu. Kuta umezipaka udongo mweupe, sufuria zimening'inia kwa mpangilio, moto unawaka taratibu, na hewa ya mle ndani niliivuta kama ya barazani. Nilipiga picha mbili nikazitazama. Mama nadhifu, jiko zuri. Nikaona hazinifai.

Nikakuuliza kama yale mafiga ya uani, ya kupikia kwenye shughuli, tunaweza kuyaingiza ndani.

"Mafiga ya nini tena, mkwe? Jiko si hili linawaka?"

"Ni mfano tu. Watu waone zamani ilikuwaje. Halafu siku ya mkutano utapewa nafasi, uwaeleze jiko lako mwenyewe."

Ulitazama chini. Kisha ukasema, "Kama ni mfano, haya."

Mawe niliyabeba mwenyewe, nikiwa na viatu vyangu vya ofisini. Kuni za miwati ulizokuwa umezikata zikauke nilizichukua zikiwa bado zinatoka maji, nikazipanga, nikawasha. Moshi ulijaa mpaka sikuona sufuria ukutani. Ulikohoa, machozi yakakutoka, nami nikapiga picha niliyokuwa naitaka. Uliponisindikiza nje ulikuwa bado unakohoa, ukaniambia nimsalimie Neema.

Siku ya mkutano ulikuja Makambako na kina mama wenzako, mmevaa sare ya usharika, upepo ukiwapeperusha vitambaa. Ukumbini kulikuwa na kila kitu: paneli za jua, mitungi ya gesi, mkaa wa makapi, masufuria ya umeme yanayojifunga yenyewe. Ulinisalimu kwa mbali kama inavyopasa. Kwapani ulikuwa na boksi umelifunika kitenge, na mimi sikuuliza ni la nini.

Mgeni rasmi alichelewa, ratiba ikakatwakatwa. Nafasi yako iliondolewa. Niliona mshereheshaji akiifuta kwa kalamu na sikufungua mdomo, kwa sababu ya kwangu ilibaki. Nikapanda. Picha ikatokea ukutani, uso wako mkubwa kuliko mlango, macho mekundu, mashavu yamelowa. Nikasema, "Huyu ni mama wa hapa hapa Kitandililo, na hivi ndivyo anavyopika kila siku." Ukumbi mzima ukasema jamani, jamani. Mshereheshaji akadakia kwamba bahati nzuri mama mwenyewe tunaye, basi ukaitwa mbele ukakabidhiwa jiko la gesi lililofungwa utepe. Ulipiga goti kidogo, ukasema asanteni, Mungu awabariki, na kipaza sauti kikaondolewa. Nilimwona Mama Zawadi, rafiki yako wa kwaya, akikutazama wewe, kisha akaitazama picha, kisha wewe tena. Yeye kwake anapikia jiko ulilomjengea.

Jioni wafagizi walinipa boksi lililobaki chini ya kiti chako. Ndani kulikuwa na jiko lako dogo la udongo, la kuonyeshea. Matundu mawili, dohani lake, chungu kidogo juu yake, hata vijiti vya kiberiti umevipanga kwenye mdomo tayari kwa maelezo. Ulikuwa umejiandaa. Kukurudishia kungenilazimu nikutazame, na kwa mara ya kwanza nikashukuru desturi inayonikataza. Nikaliweka stoo kwangu, nyuma ya matairi.

Picha ile ikawa bango. Likasimamishwa njiani, watu wa Kitandililo wakienda sokoni wanalipita. Wakaanza kuulizana fundi gani huyu anayelia moshi kwake, na anayetujengea sisi anajenga nini. Mwaka ule ule wakaacha kukuita. Neema aliniambia, "Mama siku hizi haendi kujenga, anasema magoti." Nilijua hayakuwa magoti. Nikakuletea vitenge viwili na sukari, nikajiona nimemaliza.

Kilichonikata maini nilikuja kukisikia baadaye, kwamba Mama Zawadi alikuuliza mbele ya kina mama wote kama kweli unapikia mafiga. Ungeweza kusema mkwe wangu ndiye aliyeyaingiza. Sentensi moja tu, na jina lako lingerudi. Ila ungelazimika kusema pia kwamba mkwe wako aliingia jikoni kwako, mkiwa wawili tu, akakupangia mawe. Uliwajibu, "Picha si mmeiona?" ukaendelea kumenya viazi. Ulikubali uitwe fundi mbovu ili mimi niendelee kuitwa mkwe mwema.

Siku tulipokuzika kulikuwa na manyunyu. Kina mama walipika uani kwa mafiga, kuni zimelowa, wote wanalia moshi. Nilipokuwa napita Mama Zawadi akaniita kwa sauti, "Mkwe, leo hukuja na kamera? Njoo, tunalia hapa!" Wakacheka, kile kicheko cha msibani kinachompa mtu nguvu ya kuendelea kukoroga. Na mimi nikacheka. Hilo nalo nakiri kwako, Mama, nilicheka pamoja nao.

Mwaka huu mkutano umehamia Njombe mjini. Nilifika asubuhi na ukungu, na kitu cha kwanza kulaki wageni mlangoni kilikuwa uso wako, rangi mpya, machozi yale yale. Bosi akanipiga begani, akasema ile picha imetufikisha mbali. Nilirudi kwenye gari. Boksi lako nilikuwa nalo, maana usiku wa kuamkia safari nilikuwa nimemwambia Neema yote, naye alikwenda stoo akalitoa nyuma ya matairi, akalifuta vumbi, akaliweka kiti cha mbele.

Zamu yangu ilipofika niliweka jiko lako mezani, nikawaambia mama aliye kwenye bango alikuwa fundi wa majiko, kwamba moshi ule haukuwa wake, kwamba kampuni ilihitaji mtu wa kuokoa na mimi nikamtengeneza. Hakuna aliyepiga makofi. Bosi alikuwa anatazama simu yake, na mshereheshaji akaniambia nina dakika moja. Nikaona dakika moja ni nyingi, wewe hukupewa hata hiyo. Sasa nina barua ya kujieleza kazini, na sitailalamikia. Bango nililing'oa mwenyewe kabla ya chakula cha mchana, wageni wakinitazama.

Jumapili nikaenda Kitandililo kwa Mama Zawadi na boksi. Alilishika jiko lako kwa mikono miwili, akapitisha kidole kwenye dohani, akachungulia matundu.

"Huyu alikuwa fundi," akasema. Halafu, "Mbona hukusema akiwa hai?"

Akalirudisha jiko kwenye boksi.

"Basi andika. Wengi walihama, wengine wako Igwachanya huko, wengine wameolewa mbali. Waandikie wote."

Ndiyo maana naandika. Kina mama wa Kitandililo, mkisoma hapa, jueni kwamba jiko la Mama Neema halikumtoa machozi hata siku moja. Yaliyo kwenu ni yale yale, na mliyoyavunja kwa sababu ya picha yangu nawaomba radhi.

Limebaki jambo moja, Mama, ambalo sikulisema Njombe, sikumwambia Mama Zawadi, na Neema ataliona hapa kwa mara ya kwanza. Siku ile moshi ulipojaa, kabla sijapiga ile picha, uliinua ncha ya kitenge chako ili ujifute machozi. Nami nikakuambia, "Subiri kwanza Mama, usifute." Ukakishusha kitenge, ukakaa vile vile, ukinisubiri.

Nimemaliza, Mama. Jifute sasa.

Mkweo,
baba wa wajukuu zako.