Majani ya Munira

Shoga, nimetoka kwa Munira mpambaji sasa hivi. Kaniambia yaliyomkuta mwaka tisini na tatu, bado moyo unanienda mbio!

Alipeleka Chang'ombe maua ya mfano ya harusi ya Benedicta, bibi harusi mwenyewe akiwepo, wakwe wayaone na wachague rangi. Maua meupe, utepe wa pinki, na majani marefu aliyoyakata uani kwake ili yajazejaze.

Mama mkwe, Mchaga wa Machame, akayashika yale majani.

"Hili ni isale. Kwetu analileta mwenye kuomba msamaha. Mmefanya nini?"

Munira, mtu wa pwani yule, isale alijulie wapi? Kabla hajajitetea, Benedicta kapiga magoti.

"Nisamehe, mama. Nina mimba."

Mimba, shoga! Hata Benson, bwana harusi mwenyewe, alikuwa hajaambiwa. Soda ikamtokea puani.

Munira akajua harusi imekufa, na kaiua yeye kwa majani ya uani.

Mama mkwe akalitazama isale weee, mwisho akashusha pumzi. "Likishaletwa halikataliwi. Nyanyuka, mwanangu."

Kisha akamgeukia Munira: "Pinki nimeikubali. Ila mwambie fundi gauni aliache pana."