Bahasha Sitini za Mchu

Jumatatu, 12 Novemba 2007

Nimerudi Nakuru na tope la Vanga bado liko masikioni. Mtafiti wa mikoko, mimi! Nimezaliwa hapa, nimekulia hapa, na maji makubwa niliyoyajua ni ziwa la flamingo ambamo hakuna anayeogelea. Katika wiki tatu za Pwani nimeanguka mara kumi na moja. Mzee aliyenipeleka msituni Gazi alikuwa akinihesabia kwa sauti.

Lakini mzigo umefika. Katoni nne, bahasha mia na ishirini, kila bahasha majani ya mti mmoja wa mchu, aina ya mkoko. Lamu, Mida, Gazi, Vanga – miti thelathini kila mahali. Swali langu ni moja tu. Mchu wa kaskazini na mchu wa kusini, ni ndugu wa damu au wanafanana tu sura? Mbegu zake huelea, zinaweza kubebwa na maji hadi mbali. DNA ndiyo itakayosema. Digrii yangu ya pili yote imekaa juu ya swali hilo, na udhamini unaisha Machi.

Majani ya Lamu na Gazi yalinyeshewa njiani. Yakioza, nimekwisha.

Jumanne, 20 Novemba 2007

Nimepata dawa: oveni ya Aunty Parminder. Ndiye mwenye nyumba, mjane wa Mzee Gurdial wa duka la vyuma. Mimi naishi kwenye chumba cha nyuma ya nyumba yake, hapa mtaa wa Section 58. Akaniuliza kama majani yananuka samaki. Nikasema hapana. Nilidanganya kidogo.

Nawasha moto mdogo sana, nazima, nafungua mlango, napanga bahasha kwenye trei. Zote zina namba kwa penseli, moja hadi thelathini, kama msimamizi wangu wa chuo alivyonifundisha. Jina la mahali liko kwenye katoni, basi. Nani ana muda wa kuandika Lamu mara thelathini? Trei ya juu Lamu, trei ya chini Gazi. Kaskazini juu, kusini chini, kama ramani ya ukutani. Nilijipongeza hata nikatengeneza chai.

Ijumaa, 23 Novemba 2007

Mungu wangu.

Kesho ni Gurpurab, sikukuu ya Masingasinga. Aunty anaoka biskuti za nankhatai za kupeleka hekaluni, na mimi nilijua. Tangu Jumatatu nyumba nzima inanuka iliki! Asubuhi nikaenda mjini kutoa fotokopi. Niliporudi, oveni ilikuwa imejaa biskuti, na bahasha zangu zilikuwa mezani, fungu moja zuri, limefungwa na uzi.

Nasimiyu, anayempikia Aunty, alikuwa amefurahi kabisa. "Nimekupangia, Truphosa. Moja na moja, mbili na mbili. Hakuna hata moja imepotea."

Moja ya Lamu na moja ya Gazi. Mbili na mbili. Hadi thelathini. Yaani amezichanganya kwa ustadi ambao mimi mwenyewe sina.

Ningemwambia nini? Kwamba msomi wa chuo aliweka jina la mji kwenye trei ya keki? Nikala nankhatai nne nikiwa nimesimama.

Jumatatu, 26 Novemba 2007

Nimekiri kwa Daktari Kosgei, msimamizi wangu. Nilikuwa nimeandaa hotuba. Nikasahau yote, nikasema tu, "Oveni."

Nilihesabu vitabu vyote kwenye rafu yake. Halafu akasema, ni kweli nimeharibu, lakini miti haijaharibika. Nizipe namba upya, moja hadi sitini, bila mahali. Nizipime zote. Kama kweli Lamu na Gazi ni damu mbili, zitajigawa zenyewe, na kundi litakalofanana na Vanga ndilo Gazi. "But wasipojigawa, Truphosa, huna thesis. Una majani."

Kurudi Pwani haiwezekani. Udhamini ulilipia safari moja.

Alipoona uso wangu akaongeza kwamba wengine huficha majina makusudi, ili wasijidanganye. Kwa hiyo nimefanya sayansi ya hali ya juu kwa bahati mbaya. Nasimiyu anastahili kutajwa kwenye shukrani.

Jumatano, 12 Desemba 2007

Maabara. Siku ya tisa. Nasaga majani, namwaga dawa, nasubiri, napata maji ya kahawia. Mchu una chumvi nyingi na ukaidi mwingi. Leo mara ya kwanza mistari ya DNA imeonekana kwenye jeli – myembamba, lakini ipo! Nilipiga kelele hadi mlinzi akaja.

Huko nje ni kampeni tu. Mlinzi akaniuliza, kwa upole, "Wewe jina la pili ni nani?" Awuor, nikamwambia, jina la Kijaluo. Akasema "aah" na akaenda zake. Ile "aah" sijaipenda.

Ijumaa, 28 Desemba 2007

Nimepiga kura jana. Wino wa kidole hautoki kwa sabuni, hautoki kwa spiriti ya maabara. Nimejaribu. Huu ndio wino ambao ningeandikia bahasha.

Matokeo hayajatoka.

Jumatano, 2 Januari 2008

Hatutoki; tangu matokeo yatangazwe ni vurugu kila mahali. Redio Aunty ameiweka sauti ya chini, kama mgonjwa amelala. Eldoret ni kubaya mno, siandiki hapa.

Namba zangu zote za maabara nilimpa Daktari Kosgei kwenye flash kabla ya Krismasi, azipitishe kwenye kompyuta yake. Yuko huko chuoni, anasema programu inachukua siku nyingi na stima inapotea. Najionea aibu kuuliza. Watu wanachomewa nyumba na mimi nauliza habari za mchu. Nikauliza hata hivyo.

Jumamosi, 26 Januari 2008

Moshi unafuka upande wa mtaa wa Kaptembwa tangu juzi. Baba anaishi huko. Bwana Sydney Owuor, mstaafu wa reli, mwenye saa ya mfukoni na maoni juu ya kila kitu. Simu yake ilikuwa imezimwa jana kutwa. Nilitembea kutoka jikoni hadi geti, geti hadi jikoni, mpaka Nasimiyu akanishika mkono akanikalisha.

Leo saa nne amefika, kwa miguu, na koti la Jumapili na sanduku moja. Nyumba imekwenda. Alisema hivyo tu, halafu akaomba maji. Nikalia mbele ya watu wote. Yeye akaniuliza kama nimemaliza kitabu changu cha miti.

Aunty amesema tulale nyumba kubwa. Baba akamwambia hataki kumletea shida mlangoni. Aunty akamjibu, "Owuor, mimi zaliwa hapa, wewe zaliwa hapa. Kaa chini, kula chapati."

Jumatatu, 28 Januari 2008

Jana vurugu zimefika Naivasha. Nasimiyu ana dada huko, Karagita, hampati kwa simu.

Watu wawili walikuja getini asubuhi wakamuuliza Aunty amewaweka kina nani ndani. Akawajibu kwa Kipunjabi, maneno mengi, mpaka wakaondoka. Lakini walisema watarudi. Baba ameshavaa koti. Hatabishana, hatamwachia mjane mzigo huu. Tunaenda uwanja wa Afraha, ambako watu wetu wamekusanyika.

"Watu wetu." Angalia nilivyoandika! Juzi watu wangu walikuwa Section 58.

Jumanne, 29 Januari 2008, Afraha

Watu ni wengi kuliko mechi yoyote. Magodoro, masufuria, watoto, mbuzi mmoja. Mama Chepkemboi wa kamati ya kambi aliuliza nani ana mwandiko mzuri, na Baba, bila aibu, akanisukuma mbele. "Huyu ni wa chuo. Kazi yake ni kuandika lebo."

Kama angejua.

Basi nimepewa meza na penseli. Jina, watu wangapi, kwenu ni wapi. Mabasi ya kurudisha watu kwao yanakwenda Kisumu, Siaya na Busia, na hiyo nafasi ya tatu ndiyo inayosema utapanda lipi. Safari hii naandika kila mtu na mahali pake, kwenye mstari wake, sikosei hata mmoja. Nimejifunza. Wengi hujibu haraka. Wengine hutaja kijiji halafu wanageuka kumuuliza mwenzao kama ndivyo kinavyotamkwa.

Saa sita simu ikalia. Ujumbe wa Daktari Kosgei. Yuko salama. Halafu: "Wamejigawa. Makundi mawili, safi kabisa. 31 upande wa Gazi, 29 upande wa Lamu. Huyo mmoja ulimtoa wapi?"

Nina thesis! Nilicheka peke yangu na watu kwenye foleni wakanitazama vibaya, na walikuwa na haki.

Nilichuma thelathini na thelathini. Nilihesabu mara tatu, hapo sikuwa mvivu. Kwa hiyo mti mmoja uko Lamu na damu yake ni ya Gazi. Ulielea zamani, ukashika tope, ukaota. Nilipouchuma sikuona tofauti yoyote. Ulikuwa mti mzima, mizizi iko chini. Nimemjibu Daktari: nilimtoa Lamu. Ningejibu nini kingine?

Halafu nikainua kichwa na mtu aliyefuata kwenye foleni alikuwa Baba. Amepanga foleni kama wengine, sanduku mkononi. Nikamuuliza jina, kwa sababu kila mtu anaulizwa. Akalitaja lote, herufi kwa herufi. Watu wangapi? Wawili.

"Kwenu ni wapi, Baba?"

"Nakuru."

Nikamwambia polepole kwamba hakuna basi la Nakuru. Akasema hajauliza habari ya basi, amejibu swali. Babake aliletwa na reli, yeye akazaliwa kwenye nyumba za reli, Siaya amekwenda mara nne, zote za mazishi. Nyuma yake watu wakaanza kunung'unika. Mama Chepkemboi akasema, "Mzee, tuandike tu Siaya, upande basi." Baba akatikisa kichwa. Akamwambia kwamba binti yake akiiandika Siaya, itakuwa imeandikwa, haitafutika.

Mama Chepkemboi amekwenda kuuliza wenzake kama mtu anaweza kuorodheshwa bila mahali. Foleni imesimama. Nimefungua shajara juu ya orodha niandike haya, nionekane nina kazi. Baba amekaa juu ya sanduku lake, mgongo umenyooka. Jina lake nimeliandika, na chini yake langu. Nafasi ya tatu iko wazi, yake na yangu.

Penseli imekuwa butu. Namwona Mama Chepkemboi anarudi, anatembea haraka, na Baba amesimama, anafunga vifungo vya koti, tayari kulirudia jibu lake: Nakuru.