Miguu ya Baba Yako Kwenye Picha

Kitaya, Jumapili

Mwanangu Zamda,

Asalaam aleikum. Bibi yako hajambo, masikio tu ndiyo yale yale. Mdogo wako Rajabu hajambo, mtoto wake ameota meno mawili. Mikorosho imetoa maua. Baba yako anakusalimu sana.

Yale uliyonifundisha ya kupiga picha nayafuata. Kioo cha kamera nakifuta kwa kanga, jua naliweka mgongoni kwangu, naigusa sura ya mtu kwenye simu mpaka itulie, na simuweki katikati. Ukaniambia, "Mama, picha nzuri, ila kila siku unamkata baba miguu." Nikakujibu mkono unatetemeka. Mwanangu, hautetemeki. Nilikuwa nakuficha.

Baba yako ana kidonda kwenye unyayo tangu Idi kubwa, alichomwa na kisiki shambani. Sasa kimekuwa cheusi, kinanuka. Zahanati wamesema ni sukari, aende hospitali Mtwara upesi. Hataki. "Nikienda na miwili nitarudi na mmoja," anasema, halafu anacheka. Mimi nimechoka kusema naye. Kwa simu siwezi kukueleza, yuko pembeni anasikia.

Leo alipolala nimeupiga picha mguu peke yake, katikati kabisa, vile ulivyonikataza. Sijaituma, usije ukashtuka mbele ya wateja wako wa studio. Ukimaliza kusoma nibipu tu, nitaituma. Halafu mpigie yeye. Wewe anakusikia.

Usilale bila kunibipu, mwanangu.

Mimi mama yako,
Fatu Issa