Namba Iliyogeuka Tisa Tupu

Makorora, Jumanne, 11 Machi 1958

Leo nitaandika yote, hata nisiyoyaelewa.

Mwalimu alitupa namba 142857. Ukiizidisha kwa mbili unapata 285714. Kwa tatu, 428571. Tarakimu ni zilezile, zinafuatana vilevile, ila zinaanzia mahali pengine. Ni hivyo mpaka mara sita. Mara ya saba: 999999! Nimerudia hadi kichwa kinauma. Zile nyingine zimekwenda wapi?

Baba alinikuta jikoni nikiandika kwa mkaa sakafuni. Niliogopa, maana juzi alisema, "Ijumaa ndiyo mwisho wa shule, mwanangu. Umekuwa mwari sasa, utakaa ndani."

Akachuchumaa, akazidisha mwenyewe, akafuta, akazidisha tena.

"Ala! Namba gani hii, ina jini?"

Bibi akacheka. "Leo umepatikana. Mwanao kakuweza."

Baba hakucheka. "Kamwulize mwalimu wako kwa nini saba. Uniletee jibu."

"Amesema atatueleza Jumatatu, Baba."

Alipangusa mkaa vidoleni. "Basi Jumatatu."

Lakini si alisema Ijumaa ndiyo…

Laiti ningejibiwa kabla hakujakucha: Baba amesahau, au ameniruhusu?